Mwenyekiti asishike funguo zote

Kila kukicha, pale Kobero na Mugina, utawaona akina mama na vijana wakivuka na maharage, unga, dagaa na vitenge. Wengi wao hawafanyi tena biashara peke yao, bali wamejiunga katika vikundi vya kuweka na kukopa. Hilo ni jambo la kupongezwa, kwani kidole kimoja hakivunji chawa.

Hata hivyo, si vikundi vyote vinavyodumu. Vinapovunjika, watu husingizia uhaba wa mtaji, wakati mara nyingi kasoro iko kwenye uongozi. Mwenyekiti ndiye mtunza fedha, ndiye mwandishi, na ndiye peke yake anayejua bei za upande wa pili. Akiugua, wenzake wanakaa bure. Akihama, fedha zinahama naye.

Dawa ya ugonjwa huo ipo. Mwaka 1991, huko Maradi nchini Niger, shirika la CARE lilianzisha utaratibu wa vikundi vya akiba ambao baadaye ulienea Afrika nzima, hadi hapa kwetu Burundi. Kikundi huwa na watu 15 hadi 25 hivi, na fedha zao hukaa katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo hushikwa na wanachama watatu wasio katika kamati, na sanduku hutunzwa na mtu mwingine. Kila mkutano fedha huhesabiwa mbele ya wote, na salio hutajwa kwa sauti ili hata asiyejua kusoma alikumbuke. Baada ya mwaka hivi, wanagawana akiba na faida, kisha wanachagua viongozi upya.

Utaratibu huo haumtukani mwenyekiti. Unamlinda, kwani hata mwaminifu hawezi kujitetea mahali ambapo hakuna aliyeona hesabu.

Nao ujuzi ugawanywe vivyo hivyo. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007. Jumuiya inayo hati rahisi ya uasili wa bidhaa, kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, ikiwa bidhaa zimezalishwa ndani ya Jumuiya na zimo katika orodha iliyokubaliwa. Mwenye hati hiyo hatozwi ushuru wa forodha. Kiongozi mwema haendi forodhani peke yake. Kila safari huchukua mwenzake mwingine, mpaka kila mmoja ajue kuijaza.

Kisha kuna ndugu zetu waliorejea kutoka Nyarugusu, Nduta na Mtendeli. Baadhi yao walizaliwa huko, na wanayajua masoko ya Kasulu na Kibondo kuliko milima ya wazazi wao. Waliobaki nyumbani nao wanawajua wakulima na msimu wa kila zao. Kuwaita wenzenu "watu wa kambini" ni kuitupa faida iliyowafuata hadi mlangoni. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Kazi igawanywe kwa kufuata anachokijua mtu, si tarehe aliyofika. Na kumbukumbu za mkutano zisomwe kwa lugha ambayo wote wanaielewa.

Mwisho, hasara. Mzigo ukioza njiani au ukizuiliwa, nani analipa? Swali hilo lijibiwe na kuandikwa kabla ya safari, maana likingoja hadi mzigo upotee, huzaa ugomvi. Mali bila daftari huisha bila habari.

Tunawasihi viongozi wa vikundi wajiulize jambo moja kabla ya mkutano ujao: tukikosekana mwezi mzima, je, kazi itaendelea? Kama jibu ni hapana, wasijisifu kwamba wanategemewa. Wagawe funguo.