UCHANGANUZI: Kitambi ni mzigo kwa ubongo, si ishara ya ufanisi

KWA muda mrefu, jamii zetu zimekichukulia kitambi kuwa ishara ya ufanisi. Madaktari nao wametuonya kuhusu moyo, shinikizo la damu na kisukari. Kiungo ambacho hutajwa kwa nadra ni ubongo.

Mnamo 2009, watafiti nchini Marekani, akiwemo Paul Thompson wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa picha za ubongo za wazee 94 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, ambao akili zao zilikuwa timamu. Ubongo wa wanene kupindukia ulikuwa mdogo kwa asilimia 8 kuliko wa wenye uzani wa wastani, ukaonekana kuzeeka kwa miaka 16 zaidi. Miongoni mwa sehemu zilizonywea ni ile ya mbele, ambayo hutuwezesha kupanga mambo, na hipokampasi, iliyo muhimu kwa kumbukumbu.

Hata hivyo, suala hili si jepesi. Mwaka wa 2015, utafiti kuhusu takriban watu milioni 2 nchini Uingereza ulibaini kuwa waliokonda kupita kiasi ndio waliokabiliwa na hatari zaidi ya kupata maradhi ya kusahau, kwa asilimia 34. Je, nani aaminiwe?

Jibu lilianza kubainika 2018, data za watu milioni 1.3 zilipochanganuliwa. Unene uliopimwa miaka 20 au zaidi kabla ya ugonjwa uliandamana na hatari kubwa. Uliopimwa karibu na ugonjwa ulionyesha kinyume, kwani huenda maradhi yenyewe humkondesha mtu kabla ya kutambuliwa.

Funzo hapa ni kwamba umri wa makamo ndio wa kuchungwa zaidi. Nchini Kenya, thuluthi moja ya wanawake wa umri wa kuzaa walikuwa na uzani uliozidi mnamo 2014. Kufikia 2022, kiwango hicho kilikuwa kimepanda. Hao ndio nyanya wa kesho, na mzigo wa kuwatunza utawaangukia wana wao.

Aidha, mzee anayekonda bila sababu asipongezwe, bali apelekwe hospitalini. Naye mwenye miaka 45 asisubiri uzee ndipo aanze kutembea na kupunguza mafuta na sukari. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.