Makala ya baridi na makala ya moto

Mama mmoja wa hapa Kolwezi, mtaa wa Manika, alituuliza hivi: «Papa, watu wanasemaka makala inavutaka harufu mubaya mu nyumba. Sasa juu ya nini munatukatazaka kulala na mbabula?» Asante mama. Yote mawili ni kweli. Makala ya kwanza ni baridi, ya pili inawaka.

Wasomaji wapendwa, tazameni kipande cha makala. Kimejaa vitundu, vingine vidogo hata jicho haliwezi kuviona. Hewa chafu ikipita, gazi nyingine zinanata kwenye kuta za vitundu vile. Makala inayotengenezwa kiwandani kwa mvuke na moto mkali ina vitundu vingi kabisa: kuta za gramu 10 tu, ukizitandaza, zinaweza kufunika kiwanja cha mpira. Yetu ya sokoni haifiki hapo, lakini nayo inashika kidogo.

Mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walifungulia gazi ya klorini huko Ypres, Ubelgiji. Mwaka ule ule Nikolai Zelinsky, mtaalamu wa Urusi, alitengeneza maski yenye makala ndani. Na mwaka 1918, kule Marekani, hata watoto waliokota kokwa za matunda na maganda magumu ili yachomwe kuwa makala ya maski za askari. Basi takataka ya mimea tusiicheke! Magunzi yetu ya mahindi, yakichomwa ndani ya pipa lililofunikwa, hewa ikiingia kidogo tu, yanatoa makala. Ipondeni, muimwage ndani ya choo, harufu itapungua. Vitundu vikijaa haivuti tena, mwageni nyingine.

Sasa mbabula. Makala ikiwaka inatoa gazi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi, haikohozi mtu. Inaingia katika damu na kukamata nafasi ya oksijeni. Kichwa kinauma, miguu inalegea, mtu anatapika. Lakini yule aliyelala hasikii kitu, na pengine haamki. Na gazi hii, mama, makala ya baridi haiishiki. Ukiweka mfuko mzima karibu na kitanda, ni bure.

Vijana wa mashimo nao wasikie: makala ndani ya kitambaa puani haileti oksijeni pale hewa imekwisha chini.

Mwezi wa sita na wa saba usiku wetu ni baridi sana, tunajua. Pasheni nyumba moto mlango ukiwa wazi, kisha toeni mbabula nje kabla ya kulala, hata kama moto umefunikwa na majivu, maana kaa jekundu chini ya majivu lingali linatoa gazi. Mkikuta mtu amezimia ndani, fungueni mlango na madirisha, mburuteni nje upesi, halafu hospitali.