Kwa nini nakala ya kumbukumbu ibaki nchi kavu

Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Bwisya, kisiwani Ukara, kikitokea Bugolora. Watu zaidi ya 220 walifariki. Kivuko hicho kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Waokoaji walipotaka kujua ndani mlikuwa na watu wangapi, jibu halikupatikana. Mkata tiketi alikuwa amekufa maji, na mashine yenye hesabu ya abiria ilikuwa imepotea.

Ziwa letu lilikuwa limeshatuonya. MV Bukoba ilipozama Mei 21, 1996, orodha ilikuwepo ya daraja la kwanza na la pili tu. Abiria wa daraja la tatu hawakuorodheshwa, na mpaka leo idadi kamili inabishaniwa.

Tofauti ni kwamba mwaka 2018 kumbukumbu ilikuwepo, lakini ilikuwa ndani ya chombo kilekile.

Mafundi wa kompyuta wana kinga ya tatizo hili, nayo ni nakala rudufu. Kompyuta zinazotumia mfumo wa Unix zina programu iitwayo tar, iliyoanza kutumika mwaka 1979. Kazi yake ni kukusanya mafaili yote na kuyaandika kwenye tepu ya sumaku, inayofanana na ile ya kaseti za redio. Tepu ikishajaa huchomolewa na kuhifadhiwa mbali na kompyuta.

Je, tepu zimepitwa na wakati? Hapana. Februari 2011, kosa la programu lilifuta barua pepe za baadhi ya watumiaji wa Gmail, pamoja na nakala zilizokuwa kwenye kompyuta nyingine za kampuni. Google ilizirejesha kutoka kwenye tepu. Kosa halikuzifikia kwa sababu hazikuwa zimeunganishwa na kompyuta.

Kwa hiyo kuwa na nakala nyingi hakutoshi kama zote zinaweza kuangamia kwa pigo moja. Tunaona jambo hili linahusu vivuko na mitumbwi ya abiria kwanza kabisa: kabla chombo hakijaondoka, nakala ya orodha ya abiria ibaki gatini.

Linatuhusu pia sisi wenye simu. Siku hizi hesabu za vikundi vya kuweka na kukopa, namba za ndugu na madeni ya samaki vyote viko kwenye simu moja, inayoweza kuanguka majini au kuibiwa. Andika namba muhimu kwenye daftari, liache nyumbani. Hesabu za kikundi zipigwe picha kila mkutano na kutumwa kwa mjumbe anayeishi kijiji kingine. Namba ya siri usimtumie mtu yeyote.

Kisha mara mojamoja fungua nakala hiyo uone kama inasomeka. Usingoje siku ya msiba ndipo uijaribu.