Umeme wa Shamba Usiongoja Nguzo

Sisi tuliokuwapo Unguja tangu Disemba 2009 hata Machi 2010, ilipotokea hitilafu katika njia ya umeme itokayo bara na kisiwa kikakaa gizani kwa muda wa miezi mitatu, hatuhitaji kuhubiriwa kwamba umeme wa mbali ni amana iliyo mikononi mwa wengine. Kwa hiyo simlaumu mkulima ambaye, badala ya kungojea nguzo zifike shambani kwake, amekwisha kutandika paneli za sola juu ya paa. Ninachomhofia ni kughururika kwake.

Maana betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100, wanayoisifu mno wauzaji, huhifadhi wati-saa 1,200 tu, nayo ukitaka idumu haifai kuinyonya kupita nusu. Na hizo 600 zitoshazo taa, redio na simu usiku kucha, pasi moja ya wati 1,000 huzimaliza kabla ya dakika 40. Somo hilo nililipata, wallahi, kwa kanzu ya Idi iliyosalia nusu imenyooka na nusu imekunjamana, nikairejea pasi ya makaa bila ya haya. Na masika, mawingu yakitanda siku tatu mfululizo, hata hizo 600 ni za kutamani.

Basi, ndugu msomaji, kabla hujafungua mkoba, hesabu kwanza matumizi yako ya usiku mmoja, kisha mtake muuzaji akuandikie dhamana ya betri yake.