Breki za baiskeli si za kuachiwa fundi

Mpenzi msomaji, ni lini mara ya mwisho ulipopiga magoti kando ya baiskeli ya mwanao ukazitazama breki zake? Usione haya kujibu. Mimi mwenyewe, hadi mwezi uliopita, sikuwa nimewahi.

Kijana wangu mwenye umri wa miaka 13 huenda shuleni kwa baiskeli. Kila ilipoharibika, nilimtia pesa mkononi nikamtuma kwa fundi wa pale stejini. Jumamosi moja alirudi magoti yamechubuka na shati limeraruka. Alisema ameteleza. Jioni niliinamia baiskeli ile nikaishiwa na nguvu. Mpira wa breki ya mbele ulikuwa umekwisha kabisa, chuma kinasugua rimu. Rimu ya nyuma nayo ilikuwa imelowa mafuta, kwani fundi alikuwa ametia mnyororo mafuta kwa ukarimu mno asubuhi hiyo hiyo. Kumbe mtoto aliteremka mlima bila breki yoyote!

Fundi simlaumu sana. Nilikuwa nimemlipa azibe pancha, na pancha aliiziba.

Basi anza na breki, msomaji wangu. Bana breki ya mbele kisha uisukume baiskeli mbele: gurudumu hilo lisizunguke hata kidogo. Fanya vivyo hivyo na ya nyuma. Ikiwa mkono wa breki unafika hadi kwenye usukani, waya umelegea. Legeza nati inayoushika kule chini, uvute waya kwa koleo, ukaze tena. Ukiona nyuzi za waya zimeanza kukatika, usiufunge kwa kamba. Nunua mwingine. Tazama pia mpira unagusa wapi. Unapaswa kukamata rimu peke yake, kwani ukigusa tairi utaikata, na ukiwa chini sana utateleza kwenye spoku. Rimu yenye mafuta ioshe kwa maji na sabuni, nao mpira uusugue kwa msasa. Wenye Black Mamba, breki zenu ni za vyuma badala ya waya, lakini mipira yake huisha vile vile.

Pancha haina hatari kama hiyo, ila ndiyo inayomaliza pesa. Kabla ya kung'oa tairi, tia mate kwenye mdomo wa valvu. Yakifanya povu, huenda tyubu haina kosa lolote. Ikiwa ni nzima, itoe tyubu, ijaze upepo na uizamishe kwenye beseni la maji uone mapovu yanatokea wapi. Ikaushe, sugua mahali hapo kwa msasa, paka gundi, halafu ngoja dakika kama tano hivi hadi ikauke ukiigusa. Wengi hukosea hapa kwa haraka, wakabandika kiraka gundi ikiwa bado maji.

Na jambo ambalo fundi wetu hakuwahi kulifanya: pitisha kitambaa ndani ya tairi polepole. Mwiba uliotoboa tyubu mara nyingi bado umo humo, unangojea ile uliyoiziba. Ndiyo sababu tulilipia pancha tatu katika wiki moja! Unaporudisha tairi, tumia vidole. Bisibisi huitoboa tyubu upya.

Kwa njia, aliyetuletea tairi za upepo alikuwa mzazi kama wewe. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo mjini Belfast, alizitengenezea baiskeli ya mwanawe ya magurudumu matatu, akapata hataza mwaka wa 1888.

Mnyororo hauna maneno mengi. Upanguse kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, uache ukauke, utie tone la mafuta ya cherehani kwenye kila kiungo, kisha upanguse yaliyozidi. Mafuta ya kupikia hayafai. Hugeuka ulimbo na kunasa vumbi.

Nami nikuonye kwa kosa langu. Nilitaka kufungua pedali ya kushoto, nikaikaza kwa spana na uzito wangu wote kwa nusu saa, jirani akinitazama huku akitabasamu. Kumbe ya kushoto hufunguka kinyume cha nati nyingine, yaani kwa kuizungusha zinakoenda mishale ya saa. Hesi zilikuwa zimeshaharibika, nikanunua mkono mpya wa pedali.

Siku hizi kijana wangu hubana breki zote mbili pale langoni kabla hajapanda. Dadake mwenye miaka 9 naye amesema pancha ijayo ni yake. Tatizo ni kwamba jana nimemwona akipitisha baiskeli penye miiba makusudi.