TUZUIE WEZI MADIRISHANI, LAKINI TUSIJIFUNGIE NA MOTO



Ndugu zangu katika imani, wazazi na wanafunzi wetu. Siku hizi hapa Buyenzi, kila tukitoka swala ya Isha mazungumzo ni wezi. Huyu kavuliwa simu na suruali dirishani kwa fimbo yenye ndoana. Yule luva zake zimechomolewa kioo kimoja kimoja, naye kalala humo humo. Sasa kila mtu anamtafuta fundi wa kuchomelea.

Nami nawaunga mkono. Wako wanaosema, "Mlinzi ni Allah, nondo za nini?" Huko siko kutawakali. Mtu mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama amwache ngamia wake bila kumfunga kisha atawakali. Akaambiwa amfunge, kisha ndipo atawakali (Tirmidhi).

Wasiwasi wangu uko kwingine. Mwaka jana, baada ya kuibiwa, niliweka nondo madirisha yote, zikachomelewa moja kwa moja. Nikalala kwa raha. Usiku mmoja umeme ulikatika, mshumaa ukashika pazia la sebuleni, karibu na mlango wa pekee wa kutokea. Alhamdulillah, mke wangu aliamka mapema tukauzima kwa ndoo mbili za maji. Asubuhi mwanangu wa miaka tisa akaniuliza, "Baba, moto ungekuwa mkubwa tungetokea wapi?" Nilikosa jibu. Nilikuwa nimemfungia mwizi nje, na wanangu nimewafungia ndani.

Haya si mambo ya kudhania tu. Machi 2001, katika shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, nchini Kenya, wanafunzi 67 walikufa kwa moto bwenini. Madirisha yalikuwa na nondo na mlango mmoja ulikuwa umefungwa.

Tuirejee hadithi ya Jabir (r.a.) iliyomo katika Bukhari. Humo Mtume (s.a.w.) anatuamrisha tufunge milango usiku. Na humo humo anatuamrisha tuzime taa, panya asije akavuta utambi akawaunguza watu wa nyumba. Hadithi ni moja, hatari ni mbili. Sisi tumeshika nusu ya kwanza tu.

Basi tufanye hivi:

1. Tuanze na yasiyo na gharama. Simu, pochi na funguo visilale karibu na dirisha. Komeo lifungwe kabla ya kulala, kwa Bismillah.

2. Nondo zizame ndani ya ukuta kwa saruji. Zikipigiliwa kwenye fremu ya mbao tu, mwizi anang'oa fremu nzima. Nafasi kati yake isipitishe kichwa cha mtoto, kwani wapo wezi wanaopenyeza watoto wadogo.

3. Penye luva, weka kwa ndani wavu mgumu wa chuma. Ndoana haitapita.

4. Kila chumba cha kulala kiwe na dirisha moja lenye grili ya bawaba, yenye kufuli kwa ndani. Wavu nao ufunguke pamoja na grili. Ufunguo utundikwe mahali pamoja siku zote, ambapo fimbo ya mwizi haifiki na mkono wa mtoto unafika.

5. Mara moja kwa mwezi, zimeni taa, kila mtoto afungue kufuli hilo gizani. Ufunguo asiojua kuutumia haumsaidii.

Atasema mtu, kufuli ni udhaifu, mwizi atalikata. Lakini mwenye msumeno wa chuma anaweza kukata nondo pia. Kinachomkimbiza mwizi ni muda na kelele, na kufuli imara lililofichwa kwa ndani humchelewesha vya kutosha.

Kwa wapangaji, zungumzeni na mwenye nyumba kwa upole. Na wewe mwenye nyumba, bawaba mbili na kufuli moja hazitakufilisi. Aliyelala katika nyumba yako ni dhamana yako.

Mimi nilimrudisha fundi wiki ile ile, akakata grili mbili na kuzitia bawaba. Mwanangu ndiye wa kwanza kuzifungua.

Ndugu zangu, kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya aliowachunga. Mali ikiibiwa, Allah ataleta nyingine. Leo usiku, kabla ya kulala, jiulize swali la mwanangu.

Wabillahi tawfiq.