Dere akikuuliza "unaelekea wapi?" kabla hajafika

Ni Ijumaa saa nne usiku na umesimama karibu na Kencom, katikati ya jiji. Matatu za Kangemi bado zipo, lakini umebeba laptopu ya kazi na hutaki kuitembeza gizani kutoka steji hadi kwenye geti. Unaitisha teksi kwa simu. Apu inasema shilingi 350, dereva yuko dakika nne. Kisha simu inalia.

"Madam, unaelekea wapi?"

"Kangemi."

"Unalipa keshi ama M-Pesa?"

"M-Pesa."

"Inaonyesha ngapi?"

"350."

"Hiyo haitoshi hata mafuta. Tufanye 550 nikuje."

Ukikataa, anakuomba ukatize safari wewe, kwa sababu akiikatiza yeye rekodi yake inaharibika. Dereva wa pili hata hapigi simu. Unaona kigari chake kwenye ramani kimesimama pale Museum Hill, hakisongi mbele wala nyuma, hadi uchoke ukatize mwenyewe. Wa tatu anakubali, lakini ukishaingia anakuonyesha karatasi iliyobandikwa nyuma ya kiti, yenye bei nyingine kabisa.

Karibu kila mtu anayetumia teksi za mtandaoni Nairobi ana kisa cha aina hii, na mitandaoni hukumu ilishatolewa: madere wana tamaa. Wao nao wana hukumu yao: abiria wa Nairobi anataka kubebwa peke yake kwa bei ya kubanana kwenye matatu. Ugomvi huu umedumu miaka, na sidhani utaisha kwa matusi. Wanaogombana ni watu wawili ambao hakuna kati yao aliyepanga ile bei. Iliyoipanga ni kampuni, ambayo hainunui mafuta ya gari hilo wala haisimami Kencom saa nne usiku. Na kanuni za 2022 hazikusema nauli hiyo isishuke chini ya kiasi gani.

Tulikotoka

Wasomaji wadogo huenda hawakumbuki teksi za Nairobi kabla ya 2015. Zilikuwa na mstari wa manjano ubavuni, zikiegeshwa nje ya hoteli na vilabu, na mita kwa kawaida haikuwepo. Bei ilitegemea maongezi, saa, mvua, na jinsi ulivyoonekana. Mgeni na mwenyeji wangeenda mahali pamoja kwa bei mbili tofauti.

Uber ilipoingia Nairobi Januari 2015, kitu kikubwa ilichotuletea ni kujua bei kabla ya kupanda. Taxify, ambayo leo ni Bolt, na Little zikafuata mwaka wa 2016. Madereva wa teksi za zamani walipinga kwa hasira, na mwanzoni mwa 2016 magari ya Uber yalishambuliwa, mengine yakachomwa. Sisi abiria tulikuwa upande wa apu bila kusita.

Kisha vita vya bei vikaanza. Julai 2016 Uber ilipunguza nauli zake Nairobi kwa takriban asilimia 35. Kilomita moja ikatoka shilingi 60 hadi 35. Hoja ya kampuni ilikuwa kwamba bei ikishuka safari zitaongezeka, na dereva atafidiwa na wingi wa wateja. Madereva, wengi wakiwa wamechukua mikopo ya magari kwa kuangalia ile hesabu ya 60, waligoma. Mwaka wa 2017 kilomita ikapandishwa hadi 42, lakini haikurudi ilikokuwa. Halafu yakaja madaraja ya magari madogo yenye nauli ya chini zaidi, na kwa kawaida sisi tukayachagua hayo.

Wakati huo wote bei ya mafuta haikusubiri. Katikati ya 2016 lita ya petroli Nairobi ilikuwa chini ya shilingi 100. Julai 2023 ushuru wa VAT kwa mafuta ulipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na kufikia Oktoba mwaka huo lita ilikuwa shilingi 217.36. Hata iliposhuka mwaka uliofuata, ilibaki karibu mara mbili ya ile ya 2016.

Ndiyo sababu Julai 2024, wiki chache tu baada ya vijana kujaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, madereva wa apu nao waligoma. Safari hii walikuja na kitu kipya: bei zao wenyewe, wakirejelea makadirio ya AA Kenya ya gharama ya kuendesha gari kwa kila kilomita. Kampuni ziliwaambia abiria walipe kile apu inachoonyesha tu, na zikawaonya madereva kwamba watakaotoza zaidi wangeondolewa. Nauli zikaongezwa kidogo. Lakini zile karatasi nyuma ya viti hazikuisha.

Hesabu ya Kangemi

Tuchukue ile safari ya 350 tuipige hesabu. Hizi ni namba za mfano, ila hazitofautiani sana na unazosikia ukikaa kiti cha mbele.

Kanuni za NTSA za mwaka 2022 zinazuia kampuni kuchukua kamisheni ya zaidi ya asilimia 18. Ondoa 18 kwa mia ya 350, yaani shilingi 63. Dereva anabaki na 287.

Sasa mafuta. Anatoka kilomita 3 kukufuata, anakupeleka kilomita 10. Ni 13. Gari dogo katika msongamano wa Nairobi tuseme linakula lita moja kwa kilomita 14, na lita tuseme ni shilingi 180. Hiyo ni kama 167. Anabaki na 120. Humo hakuna bado pesa ya mwenye gari ya kila wiki, bando, kuosha gari, tairi, bima, wala chakula.

Lakini hajamaliza. Nani anaitisha teksi kutoka Kangemi kurudi tao saa tano usiku? Wachache mno. Akirudi mtupu, kilomita zinakuwa 23, na mafuta yanafika karibu 296. Safari aliyolipwa 287 imemgharimu 296. Amekubeba na kuongeza shilingi 9 kutoka mfukoni mwake.

Linganisha na mtu anayetoka Kencom kwenda Westlands au Kilimani. Kwa kila kilomita nauli ni ileile, lakini dereva akishusha pale anapata mteja mwingine kabla hajageuza gari. Kwa hivyo swali la "unaelekea wapi?" linauliza kitu kingine: nikikufikisha, nitarudi na mtu?

Na hapa ndipo jambo hili linapoacha kuwa ugomvi wa nauli na kuwa suala la haki. Apu inajifanya kuwa mji mzima una bei moja. Dereva anajua hauna. Matokeo yake ni kwamba anayeishi Lavington anapata gari kwa bei ya apu, na anayeishi Kangemi, Kawangware, Uthiru au Kinoo ndiye anayekatiziwa safari au kuongezewa mia mbili. Wengine husema mitaa hiyo inakataliwa kwa sababu ya usalama, na ni kweli kuna madereva walioporwa na hata kuuawa na watu waliojifanya abiria. Lakini hofu pekee haielezi kwa nini gari linalokataa Kangemi kwa 350 linakubali kwa 550. Mwizi haogopi mia mbili.

Tunacholipia gizani

Kwa kumtetea dereva, tusisahau anachofanyiwa abiria. Bei uliyokubali ni ahadi. Kuibadilisha ukiwa umeshaingia, mlango umefungwa na gari liko Waiyaki Way, ni kukubana mahali huwezi kushuka. Kwa msichana aliye peke yake usiku, mazungumzo hayo hayana usawa wowote. Atalipa ili mambo yaishe.

Baya zaidi ni lile ombi la "katiza tuende tu nje ya apu." Ukikatiza, safari yako haipo tena kwenye mfumo. Yule uliyemtumia kiungo cha kukufuatilia haoni kitu. Ukisahau simu, ukipata ajali, au dereva akakosa adabu, utaanza kwa kueleza ulifikaje ndani ya gari ambalo rekodi inasema hukupanda. Dereva naye anakosa ulinzi huohuo, kwa sababu hata yeye hajui amembeba nani. Kila mmoja ameokoa pesa kidogo kwa kutupa kitu pekee ambacho apu ilituletea kwa uhakika: kujulikana uko wapi na nani.

Yaani baada ya miaka yote hii tumerudi kule kwa mstari wa manjano. Tunaongea bei dirishani, isipokuwa sasa kuna mtu wa tatu anayekata asilimia 18.

Mfanyabiashara asiyepanga bei

Kampuni hizi hushikilia kwamba dereva si mwajiriwa wao. Ni mfanyabiashara huru anayetumia jukwaa lao kupata wateja. Sawa. Lakini mama mboga wa Kangemi ni mfanyabiashara huru, na bei ya sukuma wiki anaipanga mwenyewe. Ni biashara gani huru hii ambayo mwenyewe akitaja bei anafungiwa?

Na madereva wakikaa pamoja wapange bei moja, wanakutana na ukuta mwingine. Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza wafanyabiashara wanaoshindana kukubaliana bei. Kwa hiyo dereva amekwama katikati. Si mwajiriwa, kwa hivyo hana mshahara wa chini. Ni mfanyabiashara, lakini bei si yake. Njia iliyobaki ni kukupigia simu akuulize unaelekea wapi.

Kanuni za 2022 ziligusa kamisheni lakini hazikugusa nauli yenyewe. Hilo ni pengo kubwa. Unaweza kumlinda dereva asikatwe zaidi ya asilimia 18, lakini kama nauli imeshuka mpaka haitoshi mafuta, asilimia 82 ya kitu kisichotosha bado haitoshi.

Tujifunze kwa jirani, na mbali

Kuna watakaosema serikali ipange bei, basi. Tanzania ilijaribu. Mwaka wa 2022 mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, iliweka nauli elekezi na kushusha kamisheni hadi asilimia 15. Aprili mwaka huo Uber ikasitisha huduma nchini humo. Ilirudi Januari 2023, baada ya kiwango cha kamisheni kupandishwa hadi asilimia 25. Funzo langu kutoka Dar ni kwamba serikali ina nguvu ya kupanga, ila ikibana kila upande kwa mpigo mmoja, anayebaki steji ni abiria.

New York ilienda kwa njia nyingine. Tangu 2019 jiji hilo limeweka malipo ya chini kwa madereva wa apu, yakihesabiwa kwa dakika na umbali. Kilichonivutia ni kwamba fomula yao inahesabu pia muda ambao dereva anazunguka mtupu, na hurekebishwa gharama za maisha zinapopanda. Yaani ile safari ya kurudi kutoka Kangemi imo ndani ya hesabu, haiachiwi dereva na abiria waigombanie kwa simu.

Kenya tayari ina saa ya kutumia. Kila tarehe 14 ya mwezi, EPRA hutangaza bei za mafuta. Tunazijua usiku huohuo. Hakuna sababu ya maana kwa nini nauli ya chini kabisa kwa kilomita isifungwe kwenye tangazo hilo: mafuta yakipanda ipande, yakishuka ishuke, na kampuni ziendelee kushindana juu ya kiwango hicho, si chini yake. Iongezwe nyongeza ndogo inayoonekana wazi kwenye simu kwa safari za usiku za kwenda mitaa ambako gari hurudi tupu. Kwa upande wa pili, dereva atakayetoza zaidi ya kilichoonyeshwa asiwe na kisingizio tena, na aadhibiwe.

Ndiyo, tutalipa zaidi. Najua maana yake kwa mtu ambaye kazi yake ya kwanza inalipa elfu ishirini na tano. Baadhi ya safari tutaziacha turudi kwa matatu. Lakini ukweli ni kwamba ile 350 hatuilipi hata sasa. Tunalipa 550, pamoja na nusu saa ya kusimama barabarani, simu nne, na wasiwasi. Tofauti ni kwamba leo bei halisi tunaambiwa mwisho, tukiwa tumeshachoka kukataa.

Mpaka hapo kutakapokuwa na kanuni, mambo mawili. Kwanza, mkielewana bei nyingine na dere, ni makubaliano yenu, lakini safari ibaki kwenye apu mpaka mwisho. Pili, akikupigia kuuliza unaelekea wapi, mwambie ukweli mapema kabla hajaanza kuja. Mafuta ya kukufuata bure nayo ni ya mtu.